Barua Iliyomtoa Scholastika Bandani

Saa mbili asubuhi, Scholastika Nikolao anajipaka majivu viganjani, anaketi kwenye kigoda na kuanza kubangua korosho uani kwake, Nanganga, wilayani Masasi. Kila ganda likipasuka, mafuta meusi yanamchuruzika vidoleni. Ngozi yake imechanikachanika.

"Najikuna mpaka damu," anasema mama huyo wa miaka 44. "Chumvi siwezi kuishika. Mwanangu Oliva ndiye anayepika."

Kwa miaka kumi na mmoja alibangua kwenye banda la mfanyabiashara mmoja. Siku ikiwa nzuri, alipata shilingi elfu nne.

Mwaka juzi walifika watafiti wa magonjwa ya ngozi. Daktari kijana alimbandika mgongoni vibandiko vidogo, kila kimoja na kitu chake cha kupima, akamkataza kuulowesha mgongo kwa siku mbili. Vilipobanduliwa, mahali pamoja tu palikuwa pamevimba: pale penye mafuta ya ganda la korosho.

"Mama, mwili wako unayakataa mafuta haya," daktari alimweleza. "Hujarogwa, wala huu si ukoma."

Scholastika alilia kwa faraja. Kanisani watu walikuwa wameacha kumpa mkono.

Akaandikiwa barua: apewe glavu ngumu, au abadilishiwe kazi. Akaipeleka mbio kwa msimamizi wa banda.

"Akaisoma, akaikunja. Akaniambia, 'Mama Oliva, mgonjwa anakaa nyumbani.' Basi. Kabla ya mchana nafasi yangu kakaa mwingine."

Tangu hapo anabangua korosho za mikorosho yake sita, na kuwauzia abiria barabarani. Mafuta ni yaleyale, na glavu hana. Daktari alimsihi aache kabisa. "Nikamuuliza, 'Niache, nile nini?' Akainama, akaandika kwenye daftari lake."

Mwezi ujao watafiti hao wanatarajiwa kurudi. Mbanguaji mwenzake wa zamani, ambaye bado yuko bandani na aliyeomba asitajwe jina, ana vipele hivyohivyo mpaka kwenye viwiko. Hatakwenda.

"Sipimwi ng'o," anasema, akishusha mikono ya gauni. "Niliona walivyomfanya mwenzangu. Heri kuwashwa."

Scholastika anasema atakuwa wa kwanza kufika, ingawa hana la kupimwa tena.

"Nitawaambia barua wampelekee wenyewe tajiri mwenye banda, na isitaje jina la mtu. Iseme banda zima lipewe glavu," anasema. "Mimi kurudi pale, hapana. Vidole vyangu vimeshakwisha. Vya wenzangu bado."