Sufuria ya Mama Ndani ya Injini

Papa alikataa kupelekwa hospitali kwa gari la mtu mwingine. Nalisema hili mwanzoni, maana watu wakisikia tuliyeyusha sufuria ili kupata kipande kimoja cha gari kuukuu, wanadhani sisi ni wapenda magari. Aka! Sisi tulikuwa tunapigania mguu.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Papa ana ugonjwa wa sukari. Alikanyaga msumari uani, akafunga kitambaa, akanyamaza, na siku alipotuonyesha, kidole kilikuwa kimeshageuka rangi. Muuguzi aliyekuja kumsafisha kidonda alisema mbele yetu sote kwamba asipofika hospitali, mguu utaondoka. Mimi, binti yake mkubwa, nikakimbia barabarani kutafuta teksi. Niliporudi nayo nilimkuta Papa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, mikono kifuani, amenuna kama mtoto aliyekataa uji.

"Mimi nilipeleka batu yote ya hii avenue ku hospitali," akasema. "Bamama ya kuzaa, bagonjwa, hata maiti. Na gari yangu. Leo mimi nipelekwe na gari ya mutu? Bon, mutengeneze gari, nitaenda."

Nilipiga kelele. Sifichi, nilimpigia Papa yangu kelele mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Ni kama nililiambia jiwe. Sikio la kufa halisikii dawa, na la Papa lilikuwa limezibwa kwa heshima yake mwenyewe. Mwenye teksi akaondoka akitikisa kichwa.

Gari lenyewe Papa alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, kabla mimi sijazaliwa. Dogo, la rangi ya maziwa, na macho ya mviringo. Mama aliliita mke mwenza. "Ule mwenzangu anakunywa kuliko mimi," alikuwa akisema Papa anaponunua mafuta, na hakuwahi kuligusa hata kulifuta vumbi. Sasa lilikuwa limelala chini ya bati kwa sababu ganda la pampu ya maji lilikuwa limepasuka. Ukitia maji, yanatoka yote kwa chini.

Nilizunguka Makiso, katikati ya mji, nikiwa na kile kipande kilichopasuka ndani ya mkoba wa ofisini. Wauza vipuri walikipokea, wakakigeuza, wakaitana kuja kukiangalia, wakanirudishia kwa upole. Mmoja akapiga simu Kinshasa kwa ajili yangu. Huko wakasema kinaweza kuagizwa kutoka Ulaya, wakataja bei iliyonifanya nitafute pa kukaa, halafu wakasema tungoje miezi. Miezi! Mguu gani unangoja miezi? Hapo ndipo mtu akanielekeza kwa fundi wa kusubu sufuria, yule anayeyeyusha aluminiamu na kuimwaga kwenye udongo, upande wa mto Tshopo, mahali unaposikia maporomoko hata ukiwa unazungumza.

Alikuwa mzee mwembamba mwenye kaptula. Alikipokea kile kipande kwa mikono miwili. "Nitafanya," akasema. Bei yake pia ilikuwa ya kuuma, lakini ilikuwa bei ya hapa hapa, mtu anaweza kuililia na kuilipa. Nikamuuliza lini. Akaangalia juu. Mvua ilikuwa inajikusanya.

"Udongo ukiwa na maji, chuma inarukia mutu mu macho," akanieleza. "Tungoje ikauke. Mama, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja yaumiza matumbo!" nikamjibu. Akacheka. Mvua ikanyesha wiki nzima.

Kila jioni nikitoka kazini nilipanda toleka, nikakaa nyuma ya baiskeli na mwavuli, nikaenda kumsumbua. Kila jioni alichota udongo, akaukamata ndani ya ngumi, akauvunja vipande viwili, akaangalia pale ulipovunjika. "Bado." Nyumbani Papa alikuwa ameanza kuomba dirisha lifunguliwe, kwa ajili ya harufu. Nikamwambia twende leo, kwa chochote, hata kwa mkokoteni. Akageukia ukutani.

Siku udongo ulipokubali, nilimwaga machozi kabla hata moto haujawashwa. Alilaza kile kipande cha zamani ndani ya kisanduku cha mbao, akakishindilia udongo, akafungua kisanduku, akakitoa kwa pumzi moja, nakuambia kwa pumzi moja, bila punje moja kuanguka. Pakabaki shimo lenye umbo lake lote, hata tundu za boliti, hata ufa. Ule ufa akauziba kwa ncha ya kijiti. Kisha akamwaga. Ile aluminiamu iliingia ardhini kimya, inang'aa, haina haraka. Mungu wangu, nilisahau nilichokuja kufanya.

Lakini tulipokijaribu kipande kipya, kilivuja. Si ufa, bali vitundu vidogo, maji yanatoka kama jasho. Fundi akakaa chini. Kosa lilikuwa kwenye aluminiamu. Nilikuwa nimemnunulia sokoni sufuria zilizotoboka, za bei nafuu, na sufuria za siku hizi, akasema, zinasubiwa kwa makopo na kila takataka. Za zamani zilisubiwa kwa pistoni za injini za mashua. "Leta sufuria yote ya kwenu," akaniambia. "Nitasikiliza."

Nilidhani anatania. Kesho yake Mama akaja na mimi, sufuria zetu zimejaa ndani ya teksi. Fundi alizikamata moja moja kwa sikio la sufuria, akaining'iniza kwenye kidole, akagonga kwa kijiko. Bwe. Bwe. Bwe. Zote zilikuwa bubu. Tukaanza kuzikusanya turudi. Ilibaki ile kubwa, ambayo Mama alikuwa amekuja nayo mwenyewe ikiwa na vifuniko tu ndani yake. Hiyo ndiyo sufuria ya mtaa wetu wote, ya kupikia lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo. Hakuna ndoa wala matanga ya avenue yetu yaliyopita bila watu kuja kubisha: Mama, utuazime ile kubwa.

Fundi akaigonga. Ikalia. Ikalia kwa muda mrefu, sauti ikapanda, na sisi watatu tukasimama tukiisikiliza mpaka ikaisha. Akaigeuza chini juu, akapapasa kitako, akapata alama ndogo ya kidole iliyobaki kwenye chuma. Uso wake ukabadilika.

"Hii ni mukono ya papa yangu," akasema.

Akaiweka chini taratibu, akarudi nyuma. Baba yake alimfundisha kazi, akafa, na sufuria za mzee huyo ambazo mwanawe aliwahi kukutana nazo zinahesabika kwa vidole. Akasema hii hataiyeyusha. Tutafute pistoni, tungoje mashua mbovu iliyoko kule Yanonge, kuna mtu aliahidi kumletea injini yake. Alisema hivyo bila kutuangalia.

Mama yangu ni mtu wa sauti ndogo. Siku ile hata maporomoko yalimsikia.

"Bwana yangu anaoza mguu, na wewe unalilia sufuria? Na mimi je? Hii niliolewa nayo! Iyeyushe, papa. Iyeyushe mbele yangu."

Fundi akamwangalia sana. Kisha akachukua nyundo, akampa Mama apige kwanza. Baadaye niliambiwa ndiyo desturi yao, mwenye chombo ndiye hukivunja, ili kisimdai fundi. Mama akapiga. Ikalia tena. Akapiga mpaka ikanyamaza, huku akilia, na fundi pia analia, na mimi nimeshika vifuniko sijui niviweke wapi.

Kipande kilichotoka siwezi kukieleza vizuri. Nimefanya kazi ofisini maisha yangu yote, nimeona vitu vizuri, lakini hiki nilikishika kingali na joto nikaona aibu kuwa na mikono michafu. Kilibaki kuchongwa kwenye mashine, na umeme wa mji ukakatika. Bwawa la umeme liko pale, tunasikia maji yake, na umeme hakuna! Tulingoja tena. Uliporudi, fundi alikichonga, akaja kukifunga kwenye gari, akatia maji. Hakuna tone lililoanguka.

Papa alivaa suti. Aliendesha mwenyewe mpaka hospitali, anakanyaga klachi kwa mguu ule uliofungwa vitambaa, jasho linamtoka kwenye shingo, na kila alipobadilisha gia alitabasamu. Sijui kama nilitaka kumpiga au kumpigia makofi.

Daktari alisema tungemleta mapema angekata vidole tu. Aliukata mguu chini ya goti.

Tulipokuja kumchukua, gari lilikuwa bado uani pa hospitali, pale pale alipoliacha. Papa alisimama na magongo yake akiliangalia. Nilimwona anahesabu pedali tatu, na nilimwona amemaliza kuhesabu. Mimi sijui kuendesha, nikatoa simu nitafute dereva.

Mama akanipita. Akafungua mlango wa kushoto, wa dereva, akakusanya kitenge chake, akakaa nyuma ya usukani.

"Unafanya nini?" Papa akauliza.

"Njoo ukae. Mimi niko na miguu mbili, wewe uko na mukono. Utaniambia."

Akazunguka polepole, akaingia upande wa pili, akaweka mkono wake juu ya gia. Mama akakanyaga. Gari likaruka, likazima. Walinzi wakacheka. Likaruka tena, likazima.

Papa alikuwa analia waziwazi, suti yake inalowa, na mkono wake haukutoka kwenye gia. "Bado," akamwambia Mama. "Bado, mama. Kanyaga mpaka chini. Sasa, achia polepole."