Magazini ya Nne ya Lavonda

Kaka yangu Harlis alikuwa na hesabu yake ya magazini za bastola, vile vikasha vya risasi vinavyochomekwa kwenye mpini, na hesabu hiyo haikuwa na mjadala: tatu. Delmer mwenye duka la silaha kule njia panda alimbembeleza miaka nenda miaka rudi anunue walau sita, na Harlis alimjibu jibu lile lile. "Delmer, mimi nalinda mke na kuku. Silindi benki." Wanacheka, wananunua soda, na Jumamosi nyingine wanaanza upya kana kwamba hawajawahi kuligusa jambo hilo.

Mbili zilikuwa za nyumbani, na moja ya mazoezi. Ile ya mazoezi ilianguka kwenye sakafu ya saruji zamani, midomo yake ya juu inayoshika risasi ikapanuka kidogo, ikawa inakwamisha risasi inapojisikia. Mtu mwingine angeitupa. Harlis akaipaka ubavuni rangi nyekundu ya kucha, tena rangi ya mkewe, bila hata kuomba, akasema huyo ndiye mwalimu. "Bora ikukwamie hapa malishoni mchana, ujifunze kuikwamua, kuliko ikukwamie siku ya siku." Zile mbili za nyumbani zilipakwa nyeupe. Sheria ilikuwa moja tu: nyekundu haingii chumba cha kulala.

Mkewe ni Lavonda, wifi yangu, na huyu ndiye ninayetaka kumsema leo. Msishangae nikimsema vibaya kidogo. Mimi ni wifi, nina haki hiyo.

Lavonda alipoolewa huku kwetu, kwenye hivi vilima vya mashariki mwa Oklahoma, alikuwa mwoga kupindukia. Siku Harlis alipomfundisha kulenga shabaha alikuja malishoni amevaa glavu zile za kutolea sufuria kwenye oveni, ati moto wa risasi usimuunguze. Jamani! Nilicheka nikakaa chini kwenye nyasi. Nikamwambia kaka, "Umetuletea mpishi." Na kweli alikuwa mpishi, jikoni kwa watoto wa shule, hadi alipostaafu. Lakini mwaka haukuisha, makopo yote tuliyopanga juu ya tuta la udongo yakawa yake. Harlis akawa anatoa visingizio: mara upepo, mara jua la machoni. Lavonda ananiangalia, ananikonyeza.

Ninazikumbuka Jumapili zao kuliko sikukuu zozote. Tunatoka kanisani, Lavonda anavua viatu, anawasha jiko, anakoroga mchuzi mweupe wa soseji wa kulia biskuti, vile vimkate laini vya huku kwetu. Harlis anatandaza gazeti la zamani mezani. Anaitoa magazini nyeupe iliyokuwa kwenye bastola juma zima, anaimwaga risasi, anaifuta, anaiweka tupu kwenye droo ya soksi ipumzike. Anachukua mwenzake, anaijaza kwa kidole gumba, risasi moja moja, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu. "Springi nayo inachoka, ipewe Sabato yake," alikuwa akisema. Delmer alimwambia mara elfu kwamba springi haichoki kwa kukaa, inachoka kwa kufanya kazi. Harlis akamjibu, "Wewe hujamsikiliza mchungaji wetu akihubiri. Ungejua kukaa kunavyochosha." Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha. Nikikaa peke yangu nasikia mpaka harufu ya ule mchuzi.

Harlis alifariki majira ya kuchipua, miaka miwili iliyopita. Jumamosi alikuwa malishoni akilenga makopo. Akarudi, akasafisha bastola, Lavonda akaita chakula kiko tayari. Usiku akaiweka kwenye droo ya kando ya kitanda. Jumapili hakuamka. Moyo. Alikwenda kimya kimya, kama alivyokuwa akiondoka kwenye sherehe.

Basi Lavonda akabaki peke yake kule juu, mwisho wa barabara ya vumbi, na kuku na nyanya zake. Mwaka jana, wakati wa kuvuna mahindi, mtu alivunja kufuli la banda, akachukua msumeno wa injini na pipa la mafuta. Lavonda alipiga simu kwa sherifu. Askari alipofika, jua lilikuwa limeshachomoza na kahawa imeshanyweka.

Habari zikamfikia binti yao Shayla, anayekaa mjini Tulsa. Huyo mtoto ana moyo mzuri na mdomo wa baba yake. Akaja na pikapu ya mumewe, nyuma haina kitu ila makasha matupu ya kuhamia.

"Mama, chumba chako kipo tayari. Unakaaje huku peke yako?"

"Nakaa na bastola ya baba yako."

"Bastola! Una miaka sabini na moja, mama."

"Bastola haijaniuliza umri."

Nikaangua kicheko. Shayla akanigeukia. "Shangazi, usimtie kiburi."

"Kiburi alizaliwa nacho, mimi nampigia makofi tu."

Shayla akafikiri, mikono kiunoni, mkao wa Harlis mtupu. "Haya. Twende malishoni. Nipigie magazini tatu mfululizo, bastola isikwame, na sitalitaja tena jambo la Tulsa mpaka uniombe mwenyewe. Ikikwama, unapakia nguo leo hii."

Nilimtazama wifi nikategemea atacheka. Hakucheka. Uso ulimwiva kidogo, akaingia ndani kuchukua bastola, akakawia. Nikajua kuna kitu, ila sikujua ni nini.

Tukapanga makopo. Lavonda akasimama vile vile alivyofundishwa, miguu imeachana, mabega mbele. Kopo la kwanza likaruka. La pili likaruka. Mara bastola ikakwama. Akaikwamua haraka haraka, akapiga tena, kopo likaruka. Ikakwama tena.

Shayla hakusema kwa ubaya, nakiri. Alisema polepole kabisa. "Ni mikono, mama. Imechoka. Si kosa lako."

Wifi yangu akaishusha bastola. Akatazama nyumba, akatazama banda la kuku. "Labda ni kweli," akasema. "Ngoja nikatafute sanduku."

Ebo! Damu ilinichemka. Mwanamke niliyemjua zaidi ya miaka arobaini, akubali kirahisi namna ile? Nikaenda, nikaichukua ile bastola mkononi mwake, nikabonyeza kitufe, nikachomoa magazini. Ubavuni ilikuwa nyekundu.

"Wifi! Hii ni ya mazoezi! Inafanya nini humu?"

Akageuka kutazama kuku.

"Imekaa kando ya kitanda chako tangu lini?"

"Tangu Jumamosi ile," akasema.

"Mwaka mzima na zaidi? Na unajua inakwama? Lavonda, una wazimu? Mwizi yuko bandani, wewe umelala na takataka hii? Kwa nini hukubadilisha?"

Akainyakua mkononi mwangu. Akaniangalia kwa hasira, halafu hasira yote ikamwishia, machozi yakamtoka.

"Kwa sababu alizijaza yeye, Retha! Kwa kidole chake. Alisema atabadilisha kesho tukitoka kanisani. Nikizitoa, basi. Hakuna kitu kingine katika nyumba ile ambacho Harlis alikianza na bado hakijaisha."

Yule ni kaka yangu, na sikuwa nimewaza hata siku moja kwamba kuna mahali bado kazi ya mkono wake imekaa inasubiri. Tulilia pale malishoni sote watatu, hata Shayla, na kuku wakapita katikati yetu bila aibu.

Nilipomaliza kupenga kamasi nikakimbia ndani kwenye droo ya soksi. Nyeupe zote mbili zilikuwamo, tupu, zimepumzika kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Nikarudi nazo na boksi la risasi.

"Shayla, mapatano yenu yaanze upya. Ile nyekundu haihesabiwi."

"Haihesabiwi," Shayla akasema, akijifuta macho.

Lavonda akaijaza ya kwanza mwenyewe. Akapiga. Akaijaza ya pili, akapiga. Akaijaza ya kwanza tena. Haikukwama hata mara moja. Kopo la mwisho alilipiga likiwa limeshaanguka chini, kwa dharau tu. Shayla akarudi Tulsa jioni ile na makasha yake matupu, na mayai ya kutosha mtaa mzima.

Jumatatu tukaenda kwa Delmer.

"Mama Shayla! Hatimaye. Nikufungie kumi? Nane za nyumbani, mbili za kuchezea."

"Nipe moja."

"Moja! Utakuwa na nne. Wewe na marehemu mmelogwa na nani? Nieleze hesabu yake."

"Mbili zinapumzika, moja ya mazoezi," Lavonda akasema, "na moja ya Harlis."

Delmer akafungua mdomo afanye mzaha, akaniona mimi, akaufunga. Akaifunga magazini kwenye karatasi.

Jumapili nilikwenda kwake baada ya kanisa. Mchuzi ulikuwa jikoni. Gazeti la zamani lilikuwa mezani, na ile nyekundu juu yake. Ilikuwa imebaki na risasi tatu. Alizisukuma nje moja moja kwa kidole gumba, taratibu, akazipanga mbele yake. Nilidhani ataziweka kwenye kisanduku cha pete, mambo ya wajane. Akaichukua magazini mpya, ameshaipaka nyeupe, akazitia zile tatu kwanza, kisha akajaza nyingine juu yake mpaka ikafika mwisho. Halafu akaipachika kwenye bastola.

"Wifi, kwa nini zake ziwe chini?" nikamuuliza.

"Inayoingia kwanza ndiyo inatoka mwisho."

"Najua. Nauliza kwa nini."

Akanyanyuka kwenda kukoroga mchuzi usishike chini. "Sitaki zitoke, Retha. Lakini nyingine zote zikiisha, zikafikiwa hizo, itakuwa tumebaki mimi na yeye. Haya, leta sahani."