Debe la Ramadhani

Nakumbuka asubuhi moja ya harusi iliyoharibika hapa Kibra, mwanangu, na nakwambia mapema kwamba hasira yake haijanitoka. Kaa chini. Ule mkebe wa rangi uliotia makaa chumbani kwa dada yako anayeolewa nimeuona, na ndio ulionifanya nikuite.

Wakati huo mkoloni alikuwa bado anatupangia hata mahali pa kujenga, nami nilikuwa msichana wa kutumwa maji. Dada yangu Zainabu alikuwa ameposwa. Desturi yetu sisi Wanubi unaijua: bi harusi huchimbiwa kishimo chumbani, kikawekwa chungu cha udongo chenye makaa na vijiti vya manukato, naye hukaa juu yake amefunikwa blanketi mpaka shingoni, moshi umwingie mwilini. Kazi ya kutengeneza kishimo alipewa kaka yetu mkubwa, Ramadhani.

Chungu chetu kilikuwa na ufa. Bibi yetu akamwambia ashuke relini kwa akina mama wa vyungu akanunue kingine. Angekwenda na kurudi kabla ya chai. Lakini Ramadhani, miguu yake ilikuwa mizito kuliko ulimi wake. Nyuma ya nyumba tulikuwa na madebe ya mafuta ya taa yaliyongoja kupasuliwa yawe paa. Akakata moja, akalizika kwenye kishimo.

"Ramadhani, hiyo debe umeosha?" Bibi akauliza.

"Nimepanguza, Bibi. Debe na chungu si ni kitu moja tu."

Kitu kimoja, eti. Mafuta yalikuwa yamejificha kwenye mikunjo ya bati. Zainabu alipokaa, moto ukaruka, blanketi likashika. Tulimmwagia mtungi mzima wa maji, lakini paja lilikuwa limeungua vibaya.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Sawa, lakini huu nani alijidunga? Aliyekwepa kazi ni mmoja, aliyeungua ni mwingine. Hapo ndipo damu yangu huchemka, hata leo na uzee huu.

Na bado hujasikia. Mtaani wakaanza kunong'ona kwamba bi harusi ni mzembe, kajichoma mwenyewe, ana mkosi. Bibi akamwita Ramadhani mbele yetu sote.

"Utaenda kwa wazee wa bwana harusi na miguu yako. Utasema ni mkono yako ilifanya. Usitume mtu."

Akatuma mtu. Aliona haya, akampa ujumbe jirani aliyekuwa akipita upande ule, na ujumbe ukafika nusu: harusi imeahirishwa, basi. Wale wazee wakaona wamedharauliwa, na ule uvumi ukamalizia kazi. Wakavunja uchumba. Ramadhani alipojikokota kwenda mwenyewe kusema ukweli, kijana wao alikuwa ameoa kwingine na wali wa harusi umekwisha kuliwa.

Zainabu hakuposwa tena. Ndiye yule yule aliyekubeba mgongoni huku akivuta mguu, mama yako alipokwenda sokoni. Wewe ulidhani alizaliwa hivyo.

Basi nisikilize. Kazi inayomgusa mwenzako usiitafutie njia ya mkato, maana moto haumchagui mwenye kosa. Ukionywa na mkubwa, usimjibu kwa maneno mazuri, kaitengeneze upya. Na ukikosea, lipeleke kosa lako kwa miguu yako mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla watu hawajampa mwingine alibebe. Haraka haraka haina baraka tunaisema sote. Ramadhani aliisema vizuri kuliko mimi.

Mungu akupe mikono yenye subira, na ulimi usioogopa kusema "ni mimi." Amjalie dada yako atoke chumbani humo mzima, akitembea vizuri. Haya, inuka ukautoe huo mkebe. Wenye vyungu bado wako sokoni.