Mahari Yangu ya Sola na Afisa wa Mji wa Kale

Jamani, leo nusura mahari yangu ishushwe kutoka juu ya paa!

Mahari yangu ni paneli ya sola. (Niliitaka mwenyewe, umeme umekuwa ghali.)

Mume wangu alipomaliza tu kuifunga, hapa Kibokoni, afisa wa hifadhi ya majumba ya kale akabisha hodi.

"Inaonekana kutoka barabarani. Sheria hairuhusu. Ishushe."

Habibi wangu akamjibu, "Sheikh, hiyo ni mali ya mke wangu. Muombe mwenyewe."

Afisa akanigeukia mimi!

Nikamwambia, "Tutaihamishia upande wa paa unaoelekea uani, lakini haishuki."

Akakubali.

Upande huo jua hufika adhuhuri, kwa hivyo asubuhi tutaendelea kununua umeme.

Dada zangu, nimekosea? Mume aliyesema vile mbele ya serikali, mie simbadilishi kwa jua la asubuhi.