Saa ya marehemu mkononi kwa bosi

Leo nimeiona saa ya marehemu mke wangu. Kaivaa bosi.

Tunamjengea ukuta huku Chimwaga. Yeye ni mtu wa kukusanya saa. Kaja saiti anacheka, kaninyooshea mkono.

"Mzee, cheki hii! Ya Uswisi. Zamani nilizipenda hizi, nikazichoka. Sasa nazitafuta upya. Hii nimeipata Mlali."

Mlali ni kwao mke wangu.

Saa alipewa na mama mmoja ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo. Tulipogawa vitu vyake baada ya msiba, ikaenda kwa shemeji, kaka yake.

Nikaangalia mkanda. Lile tundu la mwisho nilitoboa mimi, kwa msumari wa moto. Ugonjwa ulikuwa umemkondesha mkono.



Bosi akasema, "Huu mkanda umechoka, nautupa."

"Nipe mimi, bosi."

"Mkanda bila saa? Mzee una vituko wewe!"

Mafundi wote wakacheka. Akauchomoa, akanipa.

Sikumwambia kitu. Nyie mngemwambia?

Shemeji, kama unasoma hapa, sina ugomvi. Ilikuwa yako. Ungenipigia tu simu, nije niiage.