Wasifu wa Mama Ulioandikwa na AI

Jumamosi nilitoka mazishini Mitaboni nikiwa na hasira, na si ya kifo. Kifungua mimba wa marehemu alishika simu akatusomea wasifu wa mama yake: eti alipenda kusafiri, kusoma vitabu na kutunza maua.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa na marehemu katika kikundi cha kulima, akainuka na kumnyooshea fimbo.

“Huyo unasoma ni nani? Mimi na mama yako tumechimba mitaro tangu tuolewe. Hayo maua alipanda wapi?”

“Mama, ni AI imeniandikia. Nilikuwa bize,” akajibu, macho bado kwenye simu.

Simu siilaumu, haikuwahi kula githeri ya marehemu. Mwanawe aliila mpaka akaota ndevu, na sentensi moja ya kumuaga ikamshinda.