Fundi Anayepima Moto kwa Vidole

Fundi wa magari wa kijijini Basotu hana haja ya testa. Hutemea mate vidole, kama wazee wanavyobariki, hushika waya wa plagi injini ikizungushwa, kisha husema taratibu, "Moto upo." Miaka yote moto hafifu wa platini, vile vidude vya zamani vya kuwasha plagi, ulimfinya tu, naye akacheka. Leo aling'oa platini za Landrova kuukuu ya Judica, akafunga mfumo wa elektroniki, wenye moto mkali. Judica akapiga stati. Fundi akatema mate, akashika.

Alirushwa hadi kwenye ua wa miiba! Judica akaruka chini, mikono kichwani. "Yesu wangu! Fundi, umekufa?"

"Moto upo, mama," akanong'ona. Akainuka, mkono wa kulia ukining'inia kama kitambaa, akautemea mate wa kushoto.